Shangazi na Mizimu ya Florida

Shangazi alinyamaza tangu mlango ulipofungwa. Tulikuwa ndani ya Haunted Mansion, nyumba ya mizimu iliyoko Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney hapa Florida, iliyofunguliwa siku moja na bustani yenyewe, tarehe 1 Oktoba 1971. Chumba kilikuwa kinarefuka huku tunakiona, picha za ukutani zikivutika kwenda juu kama mtu anayevuta unga wa maandazi, naye amenishika mkono anasoma Ayatul Kursi chini kwa chini. Tulipofika kwenye ukumbi wa dansi ndipo aliponong'ona. Chini yetu mabibi wenye magauni mapana na mabwana zao walikuwa wakizunguka wawili wawili, na miili yao unaiona na meza zilizo nyuma yao unaziona vilevile.

"Hawa watu," akauliza, "wanalipwa shilingi ngapi kwa siku?"

Nikamwambia hawalipwi kitu, ni masanamu ya mashine, na pale unapowaona hawapo.

"Basi hapo ndipo umenitisha zaidi."

Kila mgeni anayenijia Orlando kutoka nyumbani hutaka nimpeleke huko, na tiketi ya mtu mmoja kwa siku huzidi dola 100. Kwa bei hiyo nikaona bora nijue ninachokilipia.

Chumba kinachorefuka ni rahisi: hapa Florida dari ndilo linalopanda. Katika nyumba dada yake ya California, ya mwaka 1969, chumba chenyewe ni lifti. Inakushusha chini ya ardhi bila kukuambia, kwa sababu jengo kubwa la mchezo liko ng'ambo ya reli ya bustani na lazima upite chini ya reli hiyo kulifikia.

Ukumbi wa dansi ndio wenyewe. Kati ya kigari chako na ukumbi kuna kioo kikubwa mno, kisafi, ambacho hukioni. Masanamu yanayocheza yako upande wako wa kioo, yamefichwa kwenye vyumba vyeusi juu na chini ya njia ya vigari. Taa zikiyamulika, taswira yake inaangukia kwenye kioo na wewe unaiona kana kwamba iko kule ukumbini, katikati ya viti. Taa zikififia, mizimu inayeyuka.

Aliyepanda daladala usiku anaujua mchezo huu. Taa za ndani zinawaka, umekaa dirishani, unageuka kutazama nje: uso wako unaelea juu ya vibanda vya Manzese, na muuza chipsi anapita katikati ya paji lako la uso. Dereva akizima taa za ndani, uso umekwenda zake. Shangazi nilipomweleza hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Wala si ujuzi wa Wamarekani. Mwingereza mmoja, Henry Dircks, ndiye aliyeubuni, lakini kwa mpango wake ungelazimika kuujenga upya ukumbi mzima wa maonyesho. John Henry Pepper akaurahisisha: kioo kikalazwa kwa mshazari mbele ya jukwaa, na mwigizaji wa mzimu akafichwa shimoni, chini ya macho ya watu. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862 akauonyesha London, katika hadithi ya Charles Dickens, na mpaka leo mzimu huo unaitwa kwa jina la Pepper. Dircks amebaki tanbihi.

Kuna kosa moja pale ukumbini ambalo mimi nalipenda kuliko mchezo wenyewe. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, na mafundi walisahau. Kwa hiyo ukiwatazama vizuri wachezaji, wanawake ndio wanaowaongoza wanaume. Shangazi aliona sawa tu.

Sasa nyumbani. Nikiwa darasa la nne, Morogoro, mwalimu mkuu alitangaza paredini kwamba kesho kila mtu aje na shilingi 50, anakuja mtu wa mazingaombwe. Akaja na baiskeli, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira. Tukamzunguka chini ya mwarobaini, shule nzima, wengine wamepanda juu ya mti wenyewe. Alitafuna viwembe akavitoa vimepangana kwenye uzi. Alitoa karatasi za rangi mdomoni hadi zikajaa ndoo. Kisha akamwita jirani yangu wa dawati, akamchuchumaza, akamgonga kisogoni mara mbili, "Taga!" Yai likaanguka. Akalipasua kwenye bakuli mbele yetu: kiini na ute, yai kabisa.

Kioo cha Pepper kinataka mtazamaji akae upande mmoja. Ukisogea pembeni sana utaona ukingo wake, ukipita nyuma biashara imekwisha. Ndiyo maana kigari cha Haunted Mansion kina kuta juu na pembeni kama kobe, na kinageuka chenyewe kukuelekeza wanapotaka utazame. Unadhani unaangalia, unaangalishwa. Yule wa baiskeli alizungukwa na macho ya mamia ya watoto, mengine yako juu ya kichwa chake. Hakuwa na giza, kigari wala kioo. Alikuwa na mdomo, maana hakunyamaza hata nukta moja, na mikono.

Huku kila aliyepanga foleni anajua ni kiinimacho, na akitoka anataka kujua kimefanywaje. Vitabu vimeandikwa, na majina ya mafundi yanajulikana: Yale Gracey, aliyebuni mengi ya mauzauza hayo, alikuwa mchoraji wa mandhari za katuni aliyependa kuchezeachezea vitu. Kwetu mwalimu alituambia ni kiinimacho tu, lakini mama alinikataza kupokea hata chenji ya yule bwana, eti fedha zake zikilala zinageuka majani. Naye hakukanusha. Hofu ile ndiyo iliyokuwa tangazo lake, nami simlaumu, ila ilimfanya aondoke kabla ya kengele ya mwisho bila mtu kumuuliza alijifunza wapi. Jina lake hatukulijua.

Shangazi amesharudi Morogoro na anawasimulia majirani habari za kioo, daladala na yote, vizuri kuliko mimi. Juzi alinipigia simu kuniuliza na lile yai la darasa la nne je, lilifanywaje. Sijui. Msomaji unayejua, niandikie.