Kiwanja cha Nani?

Mama yangu anauza dagaa wakavu. Mzigo hutoka Kigoma kwa boti, huvuka Ziwa Tanganyika, na yeye huungoja nje ya geti la Bandari ya Bujumbura pamoja na wenzake tangu alfajiri. Ndiyo biashara iliyonilipia shule mpaka nikafika chuo kikuu.

Nikiwa bado sekondari, mama aliomba mkopo katika benki moja mjini. Alikuwa akinunua magunia matatu kila safari, akataka kumi. Fomu ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo alinichukua nimsomee. Nikawa namfasiria kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari: jina, umri, kazi. Nikafika kwenye dhamana, nikasema, "Mama, wanataka hati ya kiwanja."

Akaniuliza, "Kiwanja cha nani?"

Sikuwa na jibu. Babu alipofariki, shamba lake la Rumonge waligawana wajomba zangu. Hakuna aliyemdhulumu mama kwa makusudi. Ndivyo ilivyo desturi. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi, na desturi humpa ardhi mtoto wa kiume. Karani alimshauri kwa upole, "Mama, mlete kaka yako atie sahihi." Mama alikunja fomu akaiweka kwenye mkoba. Nyumbani aliniambia, "Deni liwe langu na hati iwe yake? Siku tukigombana, nitamlipia nani?"

Darasani tunasoma kwamba Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulifungua ukurasa mpya baada ya vita vilivyoanza 1993. Katiba ya 2005 iliwapa wanawake angalau asilimia 30 ya viti serikalini na bungeni. Mwaka 2007 nchi yetu ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2022 ikazinduliwa benki ya uwekezaji na maendeleo kwa wanawake. Sibezi hata moja kati ya hatua hizo. Lakini benki haigawi urithi, na mbunge mwanamke hajaja Rumonge kupima shamba la babu.

Mama alirudi kwenye upatu, tunaouita ikirimba. Wapo kumi, kila mmoja anatoa fungu lake kila wiki, na mmoja anapokea. Asiyetoa anajulikana kabla jua halijazama. Niliwahi kuandika katika kazi ya darasani kwamba hiyo ni "sekta isiyo rasmi". Leo nalionea haya neno hilo, maana kanuni zao ni kali kuliko za benki. Hata hivyo, sitaki kuusifu upatu kupita kiasi. Unatosha magunia matatu. Mwaka wa kumi huu, bado ni matatu.

Mimi ni binti pekee kati ya watoto wanne. Baba naye aliacha kipande cha ardhi, na likizo ijayo ndugu zangu watakaa na baba wadogo kukigawa. Nimeshaambiwa nitapika chakula cha wageni. Nitapika. Kisha nitaingia, nitaketi, na kabla kamba ya kupimia haijafunguliwa nitauliza swali lile la mama.