Haki Iliyouzwa kwa Punguzo

Mwanangu alipofaulu mtihani wa kidato cha nne, nilimwahidi mashine ya michezo ya video. Yeye aliomba PlayStation 5 yenye mlango wa diski. Mimi, niliyezoea kuwafundisha watu namna ya kulinganisha zabuni, nikachukua karatasi na kalamu. Zilipoingia sokoni nchini Marekani Novemba 2020, mashine aliyoitaka iliuzwa dola 499. Mshindani wake, Xbox Series S, isiyo na mlango wa diski, dola 299. Huku kwetu wauzaji huongeza gharama zao, lakini pengo lilikuwa bado kubwa. Nikanunua ya bei ya chini, nikajiona mzazi mwenye busara.

Wiki ile ile kijana wa jirani alikuja na mfuko wa diski zake za PlayStation 4, ambazo karibu zote huchezeka katika PlayStation 5. Akaizunguka mashine yetu akitafuta pa kuziingiza. Mwanangu akamwambia kwa sauti ya chini, "Hii haina." Walicheza kidogo mchezo mmoja uliokuwamo, kisha mgeni akaondoka na mfuko wake. Mwanangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Usiku huo nilirudia hesabu. Mchezo mpya wa kizazi hiki cha mashine mara nyingi huuzwa dola 70. Ukiwa katika diski, waweza kuuazima, kuubadilisha au kuuuza. Tuseme wauuza kwa nusu ya bei: michezo sita hukurudishia dola 210, zaidi ya zile 200 nilizojisifia kuziokoa. Hapo sijahesabu michezo ya kuazima kwa jirani, isiyogharimu hata senti. Sijahesabu bando pia. Baadhi ya michezo mikubwa huzidi gigabaiti 100, ilhali Series S ile ya 2020 humwachia mtumiaji takriban gigabaiti 364. Nafasi ikijaa, hufuta mchezo. Akiutaka tena, hupakua upya.

Sisemi kwamba mashine ile ni mbaya. Mtu mwenye intaneti ya kasi isiyo na kikomo, apendaye kuonja michezo mingi, aweza kunufaika sana na huduma ya Game Pass, inayofungua mamia ya michezo kwa ada ya mwezi. Lakini ada hiyo hupangwa na muuzaji peke yake. Oktoba 2025, daraja la juu la huduma hiyo lilipanda nchini Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Kwa mwaka ilikuwa kama dola 360, yaani zaidi ya bei ya Series S yenyewe ilipozinduliwa.

Jambo hili lina historia ambayo wanaharakati wangefaa kuijua. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza masharti ya kubana kuazimana na kuuziana diski za Xbox One. Wachezaji walipiga kelele, na Juni mwaka huo huo kampuni ikayafuta masharti hayo. Ulikuwa ushindi wa umma. Miaka saba baadaye, mashine zisizo na mlango wa diski zililetwa na kampuni zote mbili, safari hii kwa bei ya chini: Sony nayo iliuza PlayStation 5 ya namna hiyo kwa dola 399, pungufu kwa 100. Hapakuwa na maandamano. Nani hugombana na punguzo? Kisha, Novemba 2024, ikaja PlayStation 5 Pro kwa dola 699.99, haina mlango wa diski; anayeutaka anaununua kando kwa dola 79.99. Punguzo limeondoka, na haki tuliyoiachia kwa ajili yake imegeuka bidhaa ya ziada.

Ndugu zangu mnaokaa katika kamati za zabuni, mnaijua hadithi hii kwa majina mengine: mtambo wa bei nafuu ambao vipuri vyake huuzwa na mmoja tu, au programu ya ofisi iliyotolewa bure mwaka wa kwanza. Tunapolinganisha bei, tuulize pia: baada ya kulipa, nitaruhusiwa kufanya nini na kitu hiki bila kumwomba muuzaji? Naweza kukitengeneza, kukiazima, kukiuza? Majibu hayo yaandikwe katika jedwali lile lile la bei, kwa sababu nayo ni fedha.

Nimemwomba mwanangu radhi. Alicheka, akasema, "Yamepita, Baba." Siku hizi hushinda kwa jirani, ambako mlango wa diski upo.