Baraza ya juu, punda na nzi wa Lamu

Mji wa kale wa Lamu haukujengwa kwa ajili ya magari. Mitaa yake ni myembamba hivi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja husimama pembeni mwenzake apite. Saruji, mchanga, magunia ya mchele, hata friji ya bibi harusi, vitu hivyo hufika nyumbani kwa mgongo wa punda au kwa mkokoteni. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, na mgeni yeyote akitembea asubuhi kati ya kuta za mawe ya matumbawe ataona sababu. Ila palipo na punda pana samadi, na kwenye samadi huzaliwa nzi. Wakala wa safari hakutaja hilo.

Tulifika Novemba, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, tukapanga vyumba kwa bibi mmoja ambaye huishi kwa kukodisha sehemu ya nyumba yake. Fahari ya nyumba hiyo ni baraza ya juu, wazi pande tatu, chini ya paa la makuti, na bahari unaiona kati ya minazi. Kifungua kinywa huliwa huko: mahamri, mbaazi za nazi, embe zilizokatwa. Kufikia saa tatu asubuhi sahani ya embe ilikuwa nyeusi.

Kwa mwenyeji wetu hili halikuwa jambo dogo. Wageni waliotutangulia walihama siku ya pili kwa sababu ya nzi. Na mjukuu wake wa miezi minane, aliyeanza uji majuzi, alikuwa ametoka kuugua kuhara wiki moja kabla. Bibi alikuwa ameweka akiba ya kununua kitu kimoja tu. Akaniuliza, “Mwanangu, ninunue dawa gani?”

Nilikwenda naye dukani. Rafu ya dawa za wadudu ilikuwa imejaa, na karibu kila kitu kilichokuwepo kilitengenezwa kwa ajili ya mbu.

Tukianza na koili. Moshi wake humchosha mbu usiku, tena chumbani. Juu ya paa mchana moshi unakwenda na hewa, na nzi anakaa mezani kama kawaida. Walaji ndio wanaouvuta. Utafiti mmoja wa 2003 ulikuta kwamba koili moja ikiungua hutoa vumbi laini la moshi sawa na la sigara 75 hadi 137. Sioni kwa nini mtoto anayejifunza kula awekwe karibu nayo.

Mishumaa ya mafuta ya mchaichai inanukia vizuri na inapendeza kwa macho. Huenda ikasaidia kidogo kwa aliyeketi nayo karibu jioni tulivu. Kwa nzi aliyekwisha kunusa embe ni pambo tu. Chungu cha kivumbasi au rehani nacho ni hivyo hivyo: mafuta yaliyomo kwenye majani yana nguvu, lakini mmea uliosimama chunguni hutoa machache mno. Panda rehani kwa sababu unaipenda.

Dawa ya kopo ya kupuliza inaua kweli. Nyingi zina viini vya pareto, ua lile jeupe linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, au kemikali zilizoundwa kwa mfano wake. Pareto yenyewe huvunjika upesi ikipigwa na jua, kwa hiyo kwenye baraza iliyo wazi unaua nzi waliopo, na baada ya saa chache wenzao wamekuja. Halafu unaipulizia wapi? Juu ya mahamri? Na Lamu ina paka kila ngazi. Permetrini, mojawapo ya hizo kemikali za kuiga pareto, ni sumu kwa paka ikiwa kali. Bibi alikuwa na wanne.

Kulikuwa pia na vichupa vidogo visivyo na lebo, vya “dawa ya kila mdudu”. Hivyo nasema moja kwa moja: usinunue. Dawa usiyojua ina nini, wala ichanganywe na maji kiasi gani, haina nafasi katika nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Muuza duka alitusukumia mashine ya taa ya buluu inayochoma wadudu. Usiku, ndani, ina kazi yake. Mchana kwenye paa taa hiyo inashindana na jua la pwani, na nzi ni mdudu wa mchana. Tena inapomchoma mdudu huweza kumpasua vipande, na vipande huanguka. Usiitundike juu ya meza ya chakula hata siku moja.

Mitego ya chambo inahitaji maelezo, maana ndiyo inayowachanganya watu. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kugeuzwa kama faneli, ndani maji kidogo na kichwa cha samaki, hunasa nzi wengi ajabu. Lakini mtego huvuta, haufukuzi. Ukiuweka mezani umewaalika nzi wa mtaa mzima. Mahali pake ni mbali, hatua kumi au zaidi, na upande ambao upepo hauleti harufu yake kwa walaji. Juu ya paa la bibi hapakuwa na nafasi hiyo. Tuliutundika chini uani, karibu na pipa la taka.

Aliponunua, alinunua feni.

Nzi haruki vizuri kwenye upepo wenye nguvu. Hutafuta kona iliyotulia. Watu wa Lamu wanalijua hilo bila feni. Kusi ikivuma, au Kaskazi ikishakaza, baraza za juu hujisafisha zenyewe. Shida ni maleleji, majira ya katikati pepo zinapobadilishana zamu na hewa inasimama, na ya Novemba hukutana na msimu wa embe. Feni ya ukutani, yenye mwili wa plastiki kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma, ilifungwa kwenye nguzo ikielekezwa usawa wa meza, siyo vichwani. Waya ulipitishwa mahali mvua haifiki. Asubuhi iliyofuata nzi walikuwepo bado, lakini pembezoni mwa baraza, na tulikula embe bila kupunga mkono.

Feni hata hivyo haipunguzi nzi, inawasogeza tu. Jike mmoja hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mara moja, na hutaga mara kadhaa katika maisha yake mafupi. Penye joto kama la pwani, yai huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo samadi ikizolewa mara mbili kwa wiki, funza hawapati muda wa kukua. Ikianikwa juani kwa tabaka jembamba, hukauka na funza hufa.

Samadi yenyewe ilikuwa katika gofu nyuma ya nyumba, ambako jirani hulaza punda wake watatu. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Dawa unainunua na kurudi nyumbani, lakini kumwambia jirani kwamba riziki yake inakuletea nzi kunahitaji adabu. Bibi alisubiri mpaka baada ya alasiri, akampelekea kahawa na kashata, akamuuliza kwanza hali ya punda mmoja aliyekuwa na kidonda. Kumbe alishampeleka kwenye hospitali ya punda iliyoko ufukweni, ile iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la hisani la Uingereza. Waliongea kidonda kwa muda mrefu. Kisha wakaafikiana: Jumanne na Ijumaa kijana wa jirani atazoa, magunia yatakwenda kwa mwenye shamba anayeyataka, na bibi atachangia magunia.

Upande wake bibi alibadilisha mambo ya jikoni. Machicha ya nazi, maganda na matumbo ya samaki havilali tena kwenye ndoo iliyo wazi. Machicha wanapewa kuku, mengine yanafukiwa shimo refu na udongo kushindiliwa. Meza inafutwa kwa maji ya sabuni, siyo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu nzi hutema mate na kuacha kinyesi pale anapotua, na harufu yake huwaita wengine. Hayo mate ndiyo yanayotisha kwa uji wa mtoto: miguu iliyotoka samadini hutua kwenye kijiko.

Kwa kikombe cha mtoto hakukuhitajika kununua chochote. Ukutani zilining'inia kawa mbili za ukili, zile za kufunikia sinia, zilizokuwa zimekuwa mapambo ya wageni kupiga picha. Moja ilishushwa. Ukienda kununua yako sokoni, igeuze uitazame ukingo: uwe umenyooka na ukae sawasawa juu ya sinia pande zote, kwani upenyo wa kidole unamtosha nzi. Na usiioshe kwa kuiloweka. Ifute, uianike kivulini.