Ngara na Biharamulo: Fimbo ya Heshima Kwa Mwenye Kalamu

Kama wewe na mwenzio mmechoka kukimbilia Bagamoyo kila likizo, safari hii jaribuni Kagera, upande ule ambao abiria hushuka kwenye basi wamevaa masweta.

Ukitoka Kahama unapita Nyakanazi, kisha Lusahunga. Hapo njia zinaachana: moja inakwenda Biharamulo, nyingine Benaco, Ngara na mpakani Rusumo. Zamani mabasi yalivuka pori hili kwa msafara wa polisi, kwa hofu ya majambazi. Leo eneo kubwa la pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019.

Biharamulo mjini, Boma la Mjerumani bado limesimama. Pigeni picha zenu, lakini msiishie hapo. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita huku akitafuta chanzo cha Nile. Chifu Suwarora wa Usubi akamdai hongo mpaka jamaa akachoka. Kitabu cha Speke kilitoka 1863, na hadi leo wengi tunamjua Suwarora kwa kalamu ya mgeni aliyemkasirikia. Je, upande wa Suwarora nani aliuandika?

Rusumo nako ni hivyo hivyo. Maporomoko yananguruma karibu na pale mto Ruvubu unapoungana na Kagera, wapenzi mtapapenda. Lakini mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la hapo kwa muda wa kama siku moja tu, wakikimbia vita na mauaji. Kambi ya Benaco ikawa kama jiji. Dunia ilisoma habari hizo kutoka kwa waandishi wa nje. Wenyeji waliowapisha kwenye ardhi yao wanazo za kwao, ila ukitaka kuzisikia inabidi ukae nao jikoni.

Ndiyo maana jambo nililoliona ukweni kwetu, vilimani Ngara, limenikaa moyoni. Mume wangu ni Mhangaza. Baba yake mdogo ni mwalimu mstaafu, na kijiji kizima kinamtegemea kwa kuandika: barua, wosia, wasifu wa marehemu. Ukoo ulikaa kumkabidhi fimbo ya heshima. Mzee mmoja akapinga kabisa: "Fimbo ni ya anayesema barazani. Huyu anaandika tu!"

Kimya kikatanda. Kisha shangazi akasema, bila kupandisha sauti: "Kesi ya mpaka wa shamba mliimaliza kwa maneno yenu, au kwa daftari lake?" Mzee akacheka, akachukua fimbo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Baba mdogo alishindwa kuongea. Mimi, kusema kweli, machozi yalinitoka.

Fimbo ya namna hii si ya kumchapa mtu. Kwa jirani zetu Karagwe, Stanley alipofika 1876 alionyeshwa hazina ya Mfalme Rumanyika, wakiwemo ng'ombe wa madini wasiotoa maziwa. Kazi yao ilikuwa kuonyesha ukuu. Bungeni kwetu Spika hutanguliwa na siwa. Ukraine nako, Rais akiapishwa hukabidhiwa rungu liitwalo bulava, alama ya viongozi wa Wakozaki wa kale. Na Septemba 2021, machifu huko Mwanza walimsimika Rais Samia kuwa Chifu Hangaya.

Viongozi wanastahili heshima yao, sikatai. Lakini mwandishi je? Kuanzia 2023 tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na jina limefaa: Mwalimu mwenyewe alitembea na kifimbo chake, na alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, 1963 na 1969. Ila tuzo ya taifa haiwezi kufika kila kijiji. Huko ni kazi yetu sisi, watoto wa nyumbani.

Kwa hiyo mkienda kuwasalimia wazee, sukari na vitenge pelekeni kama kawaida. Ongezeni daftari na kalamu. Kaeni nao jioni, mwulize, mwandike. Na kama kwenu yupo mwenye kazi hiyo tayari, msingoje wasifu wake usomwe msibani. Mpeni fimbo yake angali anaweza kuishika.