Alama ya Ombi
Mkazi wa Mbagala, wilayani Temeke, anunuapo umeme wa LUKU kwa simu, ombi lake hupita katika programu nyingi kabla ya tarakimu 20 kumfikia. Likipotea njiani, fedha imekwenda na nyumba i gizani. Kwa desturi ya kwanza ya Java, mtumishi mmoja wa kompyuta hulishika ombi moja hata mwisho, na alama yake hukaa mkononi mwake. Kwa desturi mpya mtumishi hasubiri jibu: hushika ombi jingine, na jibu likija hupokewa na yeyote. Hapo alama hupotea au, vibaya zaidi, humwangukia ombi la jirani. Basi alama na isafiri na ombi lenyewe. Watumishi hubadilika, haki ya mwenye ombi haibadiliki.