Nyar K

Kwetu Masara mtu hakai na jina moja. Mama amebatizwa Rosemary, ni Akinyi kwa kuwa alizaliwa asubuhi, ameolewa akachukua la mume, na juu ya hayo yote majirani wanamwongezea alikotoka: Nyar Kadem, binti wa Kadem, au Nyar Karungu, binti wa Karungu. Hilo la mwisho halimo kwenye kitambulisho, lakini ndilo linalotumika. Ukiuliza sokoni Mama Rosemary yuko wapi, utaulizwa, "Yupi?" Ukisema Nyar Kadem, mtoto anatumwa akupeleke.

Hayo yote niliyajua, nimezaliwa hapo. Na bado nilipoandika programu ya chama cha mazishi, kila mtu nilimpa baiti 32.

Chama ni cha akina mama wa machimboni, wale wanaoponda mawe ya dhahabu na kuosha mchanga kwenye karai, na wengine wanaowauzia chai. Kila Ijumaa wanachanga. Msiba ukimfika mmoja wao, chama kinanunua jeneza na chakula cha wageni. Daftari lao lilikuwa limelowa mvua mara mbili, basi mweka hazina, ambaye ni shangazi yangu, akaniambia, "Wewe si umesomea kompyuta? Tutengenezee kitu."

Niliandika kwa lugha ya C. Kwa nini C? Kiburi tu. Ningetumia Python ningelala mapema.

C haijui neno ni nini. Inajua baiti zilizopangwa mstari mmoja, na mwisho wake baiti ya sifuri. Ukitaka urefu wa jina, inatembea kutoka mwanzo ikihesabu hadi igonge hiyo sifuri. Kwa hiyo ni wewe mwandishi unayekata kiwanja mapema. Mimi nilikata 32: herufi 31 na sifuri yake. Nikaona ni nyingi. Tena nilijisifu, kwa sababu jina likizidi nililikata vizuri, halimwagikii kwa jirani. Sisi tuliosoma C tumetishwa sana na kumwagika huko. Mnamo Novemba 1988 ule mnyoo wa Morris ulipenya kwenye mashine nyingi za intaneti, na mojawapo ya njia zake ilikuwa programu iliyosoma mstari kwa gets, amri isiyopima chochote. Mwaka 2011 amri hiyo iliondolewa kabisa katika kiwango rasmi cha C. Kumwagika nilikuogopa. Kukata sikukuogopa.

Sasa chukua majina mawili. Nimeyabuni, ya wenyewe siyataji, lakini yanaumia mahali palepale: Rosemary Akinyi Ochieng' Nyar Kadem, na Rosemary Akinyi Ochieng' Nyar Karungu. Hesabu pamoja na nafasi. Herufi ya 31 ni K. Wote wawili wanabaki Nyar K, na sehemu zetu nyingi zinaanza na Ka. Nilikuwa nimekata palepale pa kumtofautisha mtu na mwenzake.

Shangazi alipomwandikisha wa pili, programu ilimjibu kuwa mwanachama huyo yupo tayari. Akadhani ameshamwandika, akaendelea. Kuanzia hapo kila Ijumaa pesa za wawili ziliingia kwa mmoja. Huyo mmoja alionekana kulipa mara mbili, na nani huja kulalamika kwamba amelipa kupita kiasi?

Miezi sita baadaye yule mwingine akafiwa na mume.

Shangazi alifungua laptopu mbele ya watu. Malipo: hakuna. Mama alisema, "Nimelipa kila Ijumaa," akasema mara moja tu, hakupaza sauti. Daftari, ambalo lingemtetea, lilikuwa limewekwa kando kwa sababu yangu. Wakakubaliana apewe nusu, na wengine wakatoa mifukoni mwao. Jeneza lilipatikana. Lakini watu walikuwa wamemtazama, na hilo halirudishwi.

Kosa nililiona usiku uleule wa matanga, na nikakuta na jingine. Majina yaliyoletwa kutoka kwenye simu yalikuwa na kile kijialama cha ng' kilichopinda, ambacho katika UTF-8 kinakula baiti tatu badala ya moja. Mama wa namna hiyo alikuwa amebaki na "Nyar" tu. Binti wa. Basi.

Asubuhi nilienda kumweleza. Alisikiliza, halafu akaniuliza, "Nyathina, kwa hiyo mashine yako ilisahau kwetu?" Nikasema, ndiyo, Mama.

Dawa si kufanya 64. Hiyo ni kubahatisha upya. Dawa ni jina linalokua: unaweka mahali lilipo, urefu wake, na ukubwa wa kiwanja. Kiwanja kikijaa, unaomba kikubwa zaidi kwa realloc. Ikiwa pembeni ni wazi, kinapanuliwa hapohapo. Ikiwa pana mwenyewe, kila kitu kinabebwa na kuhamishiwa kwingine.

Hapo Mjaluo anaelewa haraka. Kijana akishakuwa na familia hapanui ua wa baba yake. Anatoka na jogoo, shoka na moto, anaanza boma lake. Boma lililohamwa tunaliita gunda. Na mimi, kwa ujinga, sehemu moja ya programu niliiacha na anwani ya zamani. Ilikuwa inapiga hodi kwenye gunda. Siku nyingine ilikuta jina bado liko, siku nyingine ilikuta takataka. Nilipoteza wiki nzima kabla ya kuelewa kwamba kila ukiongeza herufi ni lazima upokee anwani mpya na uitumie hiyo.

Halafu, uongeze kiasi gani? Ukiongeza baiti moja moja, na kila mara ulazimike kuhama, kufikisha herufi 1,000 kunakubebesha baiti 499,500. Ukianza na 16 ukawa unafanya maradufu, unabeba 1,008. Sikuamini, nikahesabu kwa kalamu. Baadaye nilisoma maktaba ya SDS ya Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano aliyeanzisha Redis mwaka 2009. Naye anafanya maradufu, ila nafasi inayohitajika ikishafika megabaiti moja anaongeza megabaiti moja tu ya akiba, asije akashika ardhi asiyoilima. Urefu anauandika mbele kidogo ya herufi zenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kutembea hadi kwenye sifuri.

Nilirekebisha pia malipo, na kila mwanachama akapata namba. Chama kikamrudishia mama nusu yake.

Nilimpelekea orodha iliyochapishwa. Alipitisha kidole juu ya jina lake polepole hadi herufi ya mwisho, kisha akaniambia niongeze na Min, mama wa, na jina la kifungua mimba wake. Nikaongeza. Likaingia.

Shangazi ameanza daftari jipya. Analiweka ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya laptopu.