Mizani Moja Chini ya Gari



Kwa miaka mingi nimekuwa mkali wa mizani. Nimewarudishia vijana tungo zao kwa sababu ya silabi moja iliyozidi, nikiwaambia kwamba ubeti wa namna hiyo huchechemea. Sikuwahi kudhani kwamba silabi moja ingeweza kumvunja mtu vidole.

Ilikuwa masika, katika barabara ya kutoka Mlimba kwenda Ifakara. Land Rover letu la zamani, likiwa na shehena ya magunia ya mpunga, lilizama kwenye tope hadi ekseli ya nyuma. Mpwa wangu alijilaza kando ya gurudumu ili asukumie ubao chini ya springi. Mimi nilikuwa kwenye jeki ya mafuta, nikipiga mpini. Mvua ilikuwa kubwa. Gari likaanza kuinama upande wake, naye akapaza sauti: "Acha, mjomba!" Alitaka niache kupiga mpini. Mimi nikasikia "Achia!" Nikafungua vali, gari likashuka juu ya ubao na juu ya mkono wake.

Vidole viwili vilivunjika. Kimoja hakijanyooka hadi leo.

Acha na achia ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza lina mizani mbili, la pili lina tatu; kilichoongezeka ni irabu moja ya kauli ya kutendea. Anayeacha hukoma kutenda. Anayeachia hukiruhusu kitu kiende. Tofauti hiyo nimeifundisha kwa chaki mara nyingi. Siku ile nilifundishwa kwa mfupa wa mpwa wangu.

Aliporudi kutoka hospitali niliapa kwamba hakuna mtu atakayeingiza tena mkono chini ya gari langu kutegesha jeki. Nikataka gari lenye jeki zake lenyewe, zilizofungwa kwenye chasisi, zishuke na kulinyanyua mtu akiwa amesimama pembeni. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea mjini Morogoro, naye akakubali kazi.

Tulitumia silinda nne za mafuta, moja kila pembe, na pampu moja ya mkono. Hapo ndipo nilipolipenda upya neno kanieneo, ambalo wanafunzi wengi hulikariri bila kulitazama. Ni kani juu ya eneo; neno lenyewe ndiyo kanuni. Pistoni ya pampu yetu ina kipenyo cha milimita 12, na ya silinda milimita 50. Mafuta yaliyofungiwa husukuma kila mahali kwa kanieneo ileile, kwa hiyo pistoni kubwa hupata nguvu takriban mara 17 ya ile ndogo. Lakini hakuna cha bure: ili ile kubwa ipande milimita moja, ile ndogo sharti isafiri milimita 17. Unachokipata kwa nguvu unakilipa kwa mwendo.

Eneo hilohilo lilitukumbusha tope. Pembe moja ya gari lenye mzigo huweza kuelemea silinda kwa kilo 900. Uzito huo ukishuka kupitia ncha ya chuma chenye kipenyo cha milimita 40, kila sentimita ya mraba ya ardhi hubeba zaidi ya kilo 70, na chuma huzama kama mwiko kwenye uji. Tukachomelea chini ya kila silinda bamba lenye upana wa sentimita 30 kila upande. Sasa kila sentimita ya mraba hubeba kilo moja tu.

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Chasisi ilipanda, magurudumu yakabaki palepale, kwa kuwa springi zilikuwa zikijinyoosha na kuziacha ekseli chini. Fundi akafunga mikanda ya kuunganisha ekseli na chasisi kabla ya kunyanyua, na magurudumu yakafuata. Kisha akaweka kwenye kila silinda vali inayoyazuia mafuta yasirudi, ili mpira ukipasuka gari lisianguke. Hata hivyo alinionya: "Mzee, silinda ni ya kunyanyua, si ya kulalia chini yake. Ukitaka kuingia uvunguni, weka stendi." Nami nikaona kwamba kunyanyua na kuhimili ni vitenzi viwili, na watu hufa kwa kuvidhania kuwa kimoja.

Nilidhani kazi imekwisha. Mpwa wangu akalizunguka gari, akagusa vali, akasema kwa upole, "Mjomba, siku ile chuma hakikukosea."

Nilikaa kimya. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimetengeneza kila kitu isipokuwa kile kilichomvunja.

Jioni hiyo tukaketi na karatasi, kama watu wanaotunga. Mimi nikapendekeza "inua" na "tua", nikiyafurahia kwa ufupi wake. Akacheka. "Yana vina, mjomba." Ni kweli: inua na tua yakimezwa na mvua, mwisho wake ni mmoja. Vina ambavyo huupendeza ubeti vingeliweza kumwangamiza aliye karibu na gurudumu. "Pandisha" na "shusha" nayo yalikataliwa kwa kosa hilohilo. "Acha" halikutajwa hata kidogo. Hatimaye tukabaki na matatu yasiyofanana mwanzo wala mwisho: pandisha, simama, tua. Tukaweka na sharti: anayeamuru ni yule aliye karibu na gurudumu, na aliye kwenye pampu hulirudia neno kwa sauti kabla ya kutenda. Sisi washairi tuna kiitikio tangu zamani. Sikujua kwamba kinaweza kulinda mikono ya watu.

Masika iliyofuata tulikwama tena, njia ileile. Mpwa wangu alisimama hatua tatu kutoka kwenye gurudumu, mbao zikiwa tayari kwapani. "Pandisha." Nikaitikia, "Pandisha," nikapiga mpini. Gurudumu likachomoka topeni. "Simama." "Simama," nikajibu, nikaondoa mkono kwenye mpini. Akausukumia ubao kwa mti mrefu. Kidole chake kilichopinda kilikuwa kimeushika mti ule sawasawa na vingine.

Ninyi mnaoishi na wavuvi, wapagazi na wachimba visima: huko kwenu mtu akitaka mzigo usimame palepale, usipande wala usishuke, hutamka neno gani? Niandikieni. Naamini yapo maneno bora kuliko yetu, na yamekwisha kupimwa na mikono ya watu.